Gia Sita za Kumfikisha Mashimba Ukweni

Mzee Mashimba hajui kuendesha gari, na hilo halijamzuia hata siku moja kunifundisha kazi. Hukaa kiti cha pembeni, kofia magotini, fimbo ya kuchungia imesimama katikati ya miguu, na macho yake hayana habari na barabara. Yako kwenye mkono wangu wa gia. Nikipangua kabla hajaridhika, anaguna. Nikichelewa, anapiga mluzi, ule ule anaowapigia maksai wakiwa kwenye jembe. Nimeendesha malori ya watu wengi kati ya Biharamulo na Ngara. Nimefanya kazi kwa matajiri walevi na matajiri wachoyo. Lakini tajiri anayelipigia lori mluzi nimempata huyu mmoja tu.

Alikuja Nyantakara akiwa kijana, ametokea Shinyanga na ng'ombe wa baba yake. Sisi Wasubi wa Biharamulo tulikuwa tunalima kwa jembe la mkono na kupumzika mapema. Yeye akafyeka, akafunga maksai, akalima mpaka tukaona aibu, na tulipomaliza kuona aibu tukaanza kumkodi. Ndivyo alivyopata mali. Mali ilipozidi, akauza sehemu ya kundi lake, akanunua lori. Mkewe, mama Secilia, aliniambia kwamba siku lori lilipoingia uani, mzee alilizunguka mara kadhaa, akalipapasa ubavuni, kisha akainama kutazama chini kati ya magurudumu ya nyuma. Mama Secilia anasema hakujua alikuwa anatafuta nini. Mimi najua. Alikuwa anahakikisha kwamba ni dume.

Lori lenyewe lilikuwa zee, la gia tano, na mimi nililipenda. Namba moja yake ilikuwa nzito kwelikweli. Linatambaa, kuku analipita, lakini linapanda. Ulipakie mahindi mpaka bodi inalia, ulielekeze kwenye mlima wowote wa Ngara, linapanda tu, bila kelele nyingi, bila kukutia aibu. Mbio halikuwa nazo. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa sababu Mzee Mashimba alikuwa ana mtoto wa kiume wa kuozesha.

Mtoto mwenyewe ni Ndassa, kijana mpole, fundi wa kujenga, ambaye kazi zake nyingi alikuwa anazipatia upande wa Kanazi. Huko huko Ngara alimpata Frida, binti wa Mzee Juvenali wa Bugarama. Juvenali ni Mhangaza mwenye kahawa nyingi na maneno mengi zaidi, na nyumba yake iko juu kabisa ya kilima, kama vile alitaka kila mgeni afike akiwa amekwisha kushindwa. Alisema waziwazi kwamba haozeshi binti kwa watu wa kuhamahama na ng'ombe. Mzee Mashimba alimeza hilo tusi. Alikuwa amekwisha kujenga nyumba ya bati ndani ya ua wake, ina madirisha ya vioo, kwa ajili ya mkwe huyo. Kila aliyepita alionyeshwa. "Mkwe wangu ataishi hapa," alikuwa anasema, "kila asubuhi nitoke nje nisikie shikamoo." Kitu alichokuwa anakitaka duniani kilikuwa hicho, na cha pili sikukijua.

Safari ya kwanza ya kupeleka ng'ombe wa mahari tulichelewa. Lori lilipanda, lakini lilipanda kwa mwendo wake, na tulipofika juu wazee wa ukoo wa Juvenali walikuwa wamekwisha kula na kwenda zao. Juvenali akasema hawezi kupokea ng'ombe peke yake kama mwizi. Akatupa Jumamosi nyingine: tuwe tumefika kabla jua halijapinduka. Tukichelewa tena, ng'ombe wasijisumbue kupanda mara ya tatu, maana yupo karani mmoja wa Ngara mjini mwenye shati jeupe na pikipiki, naye anafika kwa wakati.

Tukarudi Nyantakara na ng'ombe wetu. Njia nzima mzee hakupiga mluzi. Tulipofika nyumbani akatoa hukumu: lori halina nguvu.

"Mzee, nguvu linazo," nikamwambia. "Lisilokuwa nazo ni mbio. Hivyo ni vitu viwili."

"Mungeamka mapema zaidi mungefika," akasema mama Secilia, huku anapeta mtama.

"Wewe mwanamke, haya ni mambo ya mitambo," mzee akamjibu.

Nawaambia kweli, maneno ya mama Secilia ndiyo yaliyokuwa ufundi mzima uliohitajika. Lakini mwanamume mwenye lori hawezi kutatua jambo kwa kuamka mapema. Anataka chuma.

Chuma kilikuwa Nyakahura, kwenye gereji ya fundi mmoja anaitwa Elick. Kulikuwa na lori la masafa marefu lililopinduka, Elick akalinyofoa kama fisi aliyekuta mzoga, na katika nyofoanyofoa hiyo akabaki na gia boksi. Ilikuwa na gia sita. Mzee Mashimba aliposikia sita, uso ukang'aa.

"Laurian," akaniambia, "shamba likiwa gumu tunafanyaje? Tunaongeza jozi. Jozi tano zikishindwa kuvuta, unafunga ya sita. Jembe litaenda tu."

Nikaelewa kwa mara ya kwanza mtu huyu alikuwa anafikiri nini miaka yote ile aliyokuwa anautazama mkono wangu. Kwake kila gia ilikuwa jozi ya maksai. Nikitia namba moja, nimefunga jozi moja. Nikitia ya pili, nimeongeza nyingine. Ya tano ni jozi zote tano mbele ya jembe, zinavuta. Ndiyo maana mlimani alikuwa anakasirika nikipangua kurudi chini. Aliona nawafungua ng'ombe katikati ya kazi.

Nikajaribu kumsaidia, kwa lugha yake. "Mzee, gia siyo ng'ombe. Ng'ombe ni injini, na injini ni moja, ni ile ile. Gia ni nira tu. Unachagua: avute mzigo mkubwa taratibu, au mdogo kwa mbio. Hii ya Elick ilikuwa ya lori la kukimbia kwenye lami. Namba moja yake ni nyepesi kuliko yetu. Tambarare utafurahi. Mlimani utalia."

"Wewe Msubi," akasema, "umeanza lini kujua ng'ombe?"

Basi nikageukia kwa fundi. Nikamwambia Elick kwamba ukifunga gia boksi ya mbio kwenye gari la mizigo, angalau ubadilishe na difu, ule mtambo wa ekseli ya nyuma unaozungusha magurudumu, uweke nzito zaidi, ili kile ulichopoteza juu ukipate chini kwenye magurudumu. Elick ni fundi, alijua. Lakini alikuwa amekwisha kuahidiwa dume, na dume lilikuwa limefungwa pale pale kwenye nguzo ya gereji linamwangalia.

"Difu ina gia ngapi?" mzee akauliza.

"Haina gia za kuchagua, mzee."

"Basi haihusiki."

"Sita ni sita," Elick akasema, akashika spana.

Lazima niseme haki. Siku ya kulijaribu, kwenye lami kutoka Nyakahura kwenda Nyakanazi, lori likiwa tupu, lilikuwa raha. Nilipotia ya sita, injini ilishusha sauti ikawa inanong'ona, na miti ikaanza kurudi nyuma kwa kasi ambayo sikuizoea. Mafuta yalipungua kidogo mno. Mzee Mashimba alitoa mkono nje ya dirisha, akaanza kuimba wimbo wa kulimia. Kila gia alikuwa ameipa jina la maksai wake, na jioni ile akaniuliza hii mpya tuiite nani. Nikamwambia tuiite Mheshimiwa. Akapenda sana, akadhani ni sifa. Mimi nilimaanisha kwamba barabara ikiwa nzuri iko mbele inakimbia, ikifika mlimani huioni.

Jumamosi ikafika. Tulipakia ng'ombe wa mahari, wanono, wameoshwa mpaka wanang'aa. Wazee wa upande wetu walitangulia kwa hiace ya kukodi. Ndassa alipanda nyuma kwenye bodi kuwashika ng'ombe, na suruali yake ya harusi ameikunja hadi magotini. Mzee alivaa koti jeusi, akapanda mbele na fimbo yake. Kwenye lami tulikwenda kama tunafukuzwa. Tulifika Nyakahura mapema mno hivi kwamba mzee akaagiza tusimame, watu waone. Akafungua mlango, akawa anawaita wenye maduka waje waangalie fimbo ya gia. Akaagiza chai. Akaagiza na nyingine. Muda wote tuliokuwa tumeuokoa kwa gia ya sita tuliunywa pale, na maandazi.

Kisha tukaacha lami, tukashika barabara ya vumbi, na mwisho wa barabara ya vumbi kilikuwepo kilima cha Juvenali.

Nilikiingia kwa kasi, kwa gia ya tatu, nikitumaini kasi itanibeba. Haikunibeba. Injini ya dizeli ina mahali pake, pale katikati ya mizunguko, ambapo inashika na kuvuta vizuri. Ikishuka chini ya hapo inatetemeka, inatoa moshi mweusi, inazima. Kwa gia zetu za zamani ningepangua, injini ingerudi mahali pake, tungetambaa mpaka juu. Kwa hizi, nilishuka ya pili, ikaendelea kuzama. Nikashuka namba moja, ikapanda kidogo, ikazama tena. Lori likasimama. Nikajaribu kuondoka kwa klachi, nusunusu, na harufu ya klachi inayoungua ikajaa ndani. Breki. Nikashuka nikatia jiwe kwenye tairi. Nikajaribu tena. Harufu tena.

Mzee Mashimba alikuwa anapiga mluzi kiasi cha kupasua kioo. "Funga ya sita! Mbona huifungi ya sita?"

"Ya sita hapa itazima hata kabla sijaachia klachi."

"Basi funga zote!"

Nikamwangalia. Alikuwa anamaanisha. Jasho linamtiririka shingoni mpaka kwenye koti, na yeye anataka jozi zote sita kwa pamoja.

"Zote hazifungwi pamoja, mzee. Inafungwa moja tu. Siku zote imekuwa moja tu."

Uso wake sitausahau. Mtu aliyeambiwa kwamba miaka yote alikuwa analima na jozi moja.

Nikamshauri tuwashushe ng'ombe wapande kwa miguu. Kilima chenyewe siyo kirefu. Akakataa kabisa. Mahari iingie kwa Juvenali kwa miguu, imejaa vumbi, inaswagwa kwa fimbo? Si ndiyo ataiambia Bugarama nzima kwamba alisema, watu wa kuhamahama? Hapo, kusema kweli, alikuwa na hoja.

Ikabaki njia moja. Kwenye gia boksi ile, rivasi, yaani gia ya kurudi nyuma, ilikuwa nzito kuliko namba moja. Elick hakuwa ameisifia kwa sababu hakuna mtu anayenunua rivasi. Chini ya kilima palikuwa na mahali papana pa kugeuzia. Ningeshuka, ningegeuza lori, ningepanda kinyumenyume.

Mzee akaipima hiyo picha kichwani. "Unataka nimpelekee mkwe wangu makalio?"

"Ya gari, mzee."

"Gari ni langu! Kwetu mtu akikutana na mkwe njiani anaacha njia kwa heshima. Wewe unataka niende kwake nimempa mgongo, mchana kweupe, watu wamekaa wanatazama? Bora nirudi Nyantakara."

"Ukirudi umemwozesha karani," nikasema.

Simu ya mzee ikaanza kulia. Wazee wetu huko juu walikuwa wanauliza tuko wapi. Hakuipokea. Jua lilikuwa utosini. Nyuma kwenye bodi nikasikia mtu anaruka chini. Ndassa akaja dirishani kwangu, suruali imekwisha kuingia kinyesi cha ng'ombe, na katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumsikia akiongea mbele ya baba yake kabla hajaulizwa.

"Laurian, geuza gari."

"Ndassa!" mzee akafoka.

"Baba, kaa au shuka. Sisi tunakwenda."

Mzee akashuka. Nilidhani amesusa. Kumbe alikuwa amefanya hesabu zake: kama makalio ya lori ndiyo yatakayotangulia, basi mbele ya makalio utangulie uso wake. Na ndivyo tulivyopanda. Mimi nimening'inia nusu nje ya dirisha natazama nyuma, shingo inauma, injini safari hii imeshika mahali pake inanguruma vizuri. Ng'ombe wamejipanga kwenye mlango wa bodi wanaangalia wanakokwenda. Na mbele ya ng'ombe, Mzee Mashimba kwa miguu, koti limefungwa vifungo vyote, fimbo begani, anatembea haraka kwa sababu akipunguza mwendo atagongwa na lori lake mwenyewe. Watoto walitufuata. Wakubwa pia walitufuata.

Tuliingia uani kwa Juvenali hivyo. Wanawake waliokuwa wanapika waliacha miiko. Shangazi wa Frida, Febronia, alijiziba mdomo kwa kanga, ikashindikana, akakaa chini akacheka mpaka akaomba maji. Wazee wetu wa hiace walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Juvenali hakucheka. Alitazama juu. "Jua bado halijapinduka," akasema, kama mtu aliyepewa habari mbaya. Akawatazama ng'ombe, akaona hawana vumbi, hawana kasoro. Kisha akamgeukia Mzee Mashimba.

"Naomba kujua jambo moja. Nani aliyeamua mje hivi?"

Hapo Mzee Mashimba alikuwa na nafasi yake. Angesema "mimi", mambo yangeisha, maana Juvenali alikuwa anauliza kwa utulivu tu. Lakini aibu ilikuwa imemkaba.

"Ni kijana," akasema upesi, akanyoosha fimbo kumwonyesha Ndassa. "Mimi nilikataa. Dereva ni shahidi. Nilisema bora turudi."

Juvenali akamtazama Ndassa, suruali ile na kinyesi kile. "Ni kweli?"

"Shikamoo, baba. Ni kweli. Ulisema jua lisipinduke."

"Marahaba. Kwa hiyo ningemtegemea mzee, saa hizi ningekuwa bado nasubiri." Akamshika Ndassa mkono. "Sawa. Basi nitazungumza na huyu. Mzee Mashimba, umetembea sana, umechoka. Kapumzike pale na dereva."

Alisema kwa heshima zote, na ndiyo maana iliuma. Kiti cha baba wa mwoaji, kile chenye kitambaa cha kufuma, akakaa Ndassa. Wazee wetu wakasogea kumpisha. Mzee Mashimba akaja kukaa nami kwenye benchi, karibu na turubai la kuanikia kahawa. Nilimwonea huruma, na nilijikasirikia kwa kumwonea huruma, maana shingo yangu ilikuwa bado haigeuki kwa ajili yake. Tukaletewa ndizi na nyama, chakula cha madereva. Pale tulipokuwa, maneno ya wakubwa tulikuwa tunayasikia vizuri.

Yalikwenda salama. Ng'ombe walipokelewa, tarehe ya kanisani ikapangwa, Frida akaitwa akakubali mbele ya watu. Mzee Mashimba alianza kutulia. Alianza hata kula.

"Neno la mwisho," Juvenali akasema. "Binti yangu utamweka wapi?"

Mzee Mashimba akainua kichwa na kutabasamu, maana jibu la swali hilo alikuwa analo tangu zamani, lina madirisha ya vioo.

"Kanazi, baba," Ndassa akasema. "Nimejenga. Imekwisha kuezekwa, imebaki sakafu."

Hakugeuka kututazama. Juvenali akatikisa kichwa kwa kuridhika; Kanazi ni karibu, angemwona binti yake kila akitaka. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mzee Mashimba akaweka ndizi yake kwenye sahani. Akaniuliza kwa sauti ndogo, bila kunitazama, "Laurian. Ulikuwa unajua?"

Nikajaza ndizi mdomoni. Matofali yote ya nyumba ile nilimbebea Ndassa mimi, kwa lori la mzee, nikisema ni ya mteja. Safari moja mzee mwenyewe alikuwamo. Tulipofika alishuka, akazunguka msingi, akagonga tofali moja kwa kidole akasikiliza, akasema anayejenga hapa ana baba aliyemlea vizuri.